Aurora ikiwaka: sauti au Morse?

Aurora, ile mianga ya angani karibu na ncha za dunia, ikipamba moto, wapenzi wa redio za mawasiliano huona mawimbi mafupi yanayopita karibu na ncha ya dunia yakififia au kupotea kabisa. Kwenye megahezi 50 na 144 mambo huwa kinyume: mawimbi hugonga hewa iliyochajiwa umeme na kurudi. Kwa hiyo walio kaskazini mwa dunia huelekeza antena kaskazini, hata kama mwenzao yuko magharibi.

Kwenye 50, sauti hueleweka, ingawa ni kama mtu anayenong'ona huku koo limemkauka. Kwenye 144, mimi nisingejisumbua nayo sana. Morse, yaani herufi za nukta na mistari, ndiyo mkombozi: mwendo kasi wa chembe za hewa hiyo huvuruga masafa, mlio safi ukageuka mkwaruzo, lakini nukta na mistari bado husikika. Ripoti ya usikivu anayopewa mwenzako huandikwa, kwa mfano, 55A: tarakimu ya kwanza ni jinsi unavyomwelewa, ya pili ni nguvu ya mawimbi yake. A, ya aurora, hushika nafasi ya tarakimu ya tatu, ya usafi wa mlio.