pkg ya FreeBSD: naipa nyota nne na nusu

Aisee kama unatumia FreeBSD (mfumo endeshi wa kompyuta) na bado hujaizoea pkg, chombo chake cha kusakinisha programu, unajinyima raha. Ninachoipendea kuliko vyote ni usafi, programu zote za nje zinakaa /usr/local, hata konfigi (mipangilio) zake ziko /usr/local/etc, kwa hiyo mfumo wenyewe hauguswi na siku ukitaka kuanza upya unajua kabisa pa kufagia. Rekodi zinatunzwa kwenye database ya SQLite, ukikutana na faili usilolielewa unaandika pkg which halafu njia ya hilo faili, papo hapo unaambiwa limeletwa na paketi (programu iliyofungashwa) gani. Mi hiyo naitumia sana.

Halafu kuna pkg audit -F, hii jamani watu wanaipita tu! Inashusha orodha ya mashimo ya usalama yanayojulikana na kulinganisha na ulivyonavyo, ikikutajia kitu usipuuze.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ya matawi ya hazina ya paketi. Kwenye matoleo ya kawaida unaanzia tawi la quarterly (la kila robo mwaka), limetulia ila vitu vipya vinachelewa, ukitaka vya haraka unahamia latest. Sawa, lakini watu wanajenga programu nyingine kwa ports (mfumo wa kujenga programu mwenyewe kutoka msimbo chanzo) huku nyingine wanavuta kwa pkg, matawi hayafanani, maktaba zinagongana, ndo vilio vinaanza. Ukitaka kuchanganya hakikisha ports zako ni za tawi lilelile, na uliyoijenga mwenyewe ifunge kwa pkg lock isije ikafunikwa kwenye upgrade.