Pikapu mpya inayotetemeka kwenye lami: tathmini ya huduma ya waranti na ya gereji moja ya Tabora

Tathmini hii inahusu huduma mbili zilizotolewa kwa gari moja. Ya kwanza ni huduma ya waranti ya muuzaji aliyeniuzia pikapu mpya ya kabini mbili, iliyofanyika katika karakana ya tawi lake jijini Mwanza. Ya pili ni kazi ya gereji ndogo ya matairi hapa Tabora mjini. Tatizo lilikuwa moja tu: mtetemo ulioanza gari lilipofika mwendo wa kilometa 90 kwa saa, ukakolea karibu na 100, kisha ukapungua kidogo lilipovuka 110. Sitamtaja muuzaji wala aliyeiunda pikapu hiyo, kwa kuwa ninachokipima hapa ni namna kazi ilivyofanywa, na wenye magari ya aina nyingine watayatambua haya haya.

Anayeishi Tabora anaelewa kwa nini mtetemo wa namna hiyo si jambo la kuvumilia. Barabara ya Nzega, yenye takriban kilometa 115, na ile ya kwenda Itigi kupitia Nyahua na Chaya, zina vipande virefu vilivyonyooka katikati ya miombo, ambapo ukishavuka kijiji na kikomo chake cha kilometa 50 kwa saa unaweza kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu bila kugusa breki. Huko ndiko kasoro ya gari inakojidhihirisha. Katika barabara za vumbi za kufuata asali vijijini hutaisikia, kwa sababu makorongo na mashimo yanaimeza. Lakini kwenye lami safi, abiria wa kiti cha nyuma anajiona kama aliyeketi katika nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga. Usukani wangu ulikuwa umetulia. Kilichotetemeka ni sakafu, kiti na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, ambacho kwa mwendo huo kilionyesha lori lililo nyuma likiwa na kingo mbili.

Nianze na haki ya muuzaji. Mapokezi yalikuwa mazuri, miadi ilizingatiwa, na kila mara gari lilipoingia karakana niliandikiwa fomu ya kazi yenye tarehe, kilometa na maelezo ya tatizo. Fomu hizo zina thamani kubwa kuliko wateja wengi wanavyodhani, na nitalirudia jambo hilo baadaye. Walakini uko katika kazi yenyewe. Matairi yalibalansiwa, yaani uzito wake ulisawazishwa, gari likarudishwa kwangu, na mtetemo ukawa ule ule. Yakabalansiwa tena, safari hii pamoja na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, na mtetemo haukubadilika. Hakuna fundi aliyeniomba niketi naye garini ili nimwonyeshe mwendo ambao tatizo linaanzia. Majaribio yao yalifanyika ndani ya jiji, ambako kufikia kilometa 90 kwa saa hakuwezekani. Hatimaye kijana wa mapokezi, kwa adabu kabisa, akaniambia: "Mzee wangu, pikapu zote ndivyo zilivyo. Springi zake ni za kubebea mzigo, ikiwa tupu lazima itikisike."

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na ndiyo sababu linawanyamazisha wengi. Ni kweli kwamba pikapu nyingi zina springi za majani upande wa nyuma, zimekazwa kwa ajili ya mzigo unaokaribia tani moja, na zikiwa tupu huruka zaidi kuliko gari dogo. Lakini mruko huo unafuata barabara: ukipita kwenye rasta unarukaruka, ukifika kwenye lami laini unatulia. Mtetemo ninaouzungumzia unafuata mwendo. Unaanza kwenye namba ile ile ya spidi, barabara iwe nzuri kiasi gani, na ukipunguza mwendo unaondoka. Pikapu yangu ilitetemeka ikiwa tupu, ikatetemeka pia ikiwa imejaa ndoo za asali. Kitu kinachotegemea mwendo pekee kinatokana na kitu kinachozunguka, na orodha ya vitu vinavyozunguka chini ya gari si ndefu: matairi na rimu, habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), diski za breki, ekseli, propela (mhimili unaopeleka nguvu ya injini hadi ekseli ya nyuma). Fundi wa waranti aliyesomea kazi anapaswa kuanzia hapo, wala si kwenye springi.

Alaimenti nayo haikuwa na nafasi katika shauri hili. Alaimenti mbaya hulivuta gari upande mmoja na kula tairi kingo moja. Peke yake haitoi mtetemo wa mwendo maalumu katika gari jipya lenye matairi ambayo hayajaanza kulika.

Kuhusu balansi, hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na naomba msomaji anivumilie. Mashine ya kubalansi ya kawaida huzungusha tairi likiwa hewani na kupima jinsi uzito ulivyogawanyika, kisha huelekeza mahali pa kubandika vile vipande vya risasi. Inapima uzito, haipimi tairi linavyokuwa chini ya mzigo. Tairi linaweza kuwa na uzito uliosawazishwa kikamilifu na bado lisiwe duara kamili, au likawa na ubavu mgumu sehemu moja na laini sehemu nyingine. Likining'inia kwenye mashine, namba zinasoma sifuri. Likiwekwa chini ya gari lenye karibu tani mbili, kila mzunguko linainua ekseli kidogo na kuishusha. Hata ukilibalansi mwaka mzima, sifuri itabaki sifuri na mtetemo utabaki mtetemo. Kuna mashine zenye rola linalolikandamiza tairi na kupima tofauti hiyo, na karakana inayohudumia magari mapya ya bei kubwa ingestahili kuwa nayo, au angalau kuwa na mtu anayejua kupima bila mashine hiyo.

Mtu huyo nilimpata Tabora. Gereji yake ni banda la bati lenye mashine moja ya kubalansi, kompresa na rundo la matairi ya malori ya tumbaku. Kabla ya kushika spana aliuliza maswali: mtetemo uko kwenye usukani au kwenye kiti, unaanza kwa mwendo gani, ukikanyaga breki unaongezeka? Usukani ukitetemeka, alieleza, mara nyingi kasoro iko mbele. Kiti kikitetemeka, iko nyuma au kwenye propela. Ukija wakati wa breki tu, atazame diski. Kisha alipima upepo asubuhi, matairi yakiwa yamepoa, akalinganisha na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upepo ulikuwa umezidi kwa kiasi kikubwa. Magari mapya husafirishwa melini na kukaa yadi muda mrefu yakiwa yamejazwa upepo mwingi ili matairi yasibonyee upande mmoja, na kuushusha ni sehemu ya ukaguzi wa kumkabidhi mteja gari. Ukaguzi huo kwangu haukukamilika, na waliolipokea gari karakana baadaye nao hawakuugusa.

Kushusha upepo kulipunguza makali bila kuondoa tatizo. Tukaingia barabara ya Nzega pamoja, yeye akiendesha. Kwenye kipande kilichonyooka na kitupu aliiweka gia nyutro kwa muda mfupi kwa mwendo wa 100, injini ikiendelea kunguruma ili usukani na breki visipoteze nguvu. Mtetemo ulibaki. Tuliposimama, akapandisha mizunguko ya injini hadi pale ilipokuwa tukiwa mwendoni, na gari likatulia kimya. Kwa vipimo hivyo viwili, ambavyo havihitaji kifaa chochote, injini na vishikizo vyake viliondolewa kwenye orodha. Ni kazi ambayo karakana ya waranti ingeweza kuifanya siku ya kwanza.

Jambo lililonivutia zaidi ni hesabu. Tairi la ukubwa wa 265/65R17 lina mzingo wa karibu mita 2.4, hivyo kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa linazunguka takriban mara 12 kwa sekunde. Propela inazunguka haraka zaidi kulingana na uwiano wa difu, yaani gia zilizoko kwenye ekseli ya nyuma. Kwa pikapu nyingi ni karibu mara nne ya tairi, yaani mizunguko 45 hivi kwa sekunde. Kasoro ya tairi mwili unaihisi kama pigo linalokwenda haraka. Ya propela inasikika zaidi kama mvumo masikioni. Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mwendo, na ziko programu za bure zinazochora mtetemo pamoja na idadi ya mapigo kwa sekunde. Simu ililazwa kwenye sakafu nyuma ya kiti cha dereva, na kilele cha mchoro kikasimama karibu na 12. Tulikuwa tunatafuta tairi.

Aliporudi gerejini alihamisha matairi ya nyuma kwenda mbele na ya mbele kwenda nyuma. Tulipotoka tena, kiti kilikuwa kimetulia na usukani ndio uliokuwa ukitetemeka mikononi. Sikuhitaji maelezo zaidi: kasoro ilikuwa imesafiri na matairi, hivyo ekseli na habu za nyuma hazikuwa na hatia.

Upimaji wa mwisho ningependa kila mwenye gari auone. Aliliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akafunga kipande cha waya kigumu kwenye stendi nyingine hadi ncha yake ikakaribia kugusa tairi, kisha akalizungusha kwa mkono polepole. Nusu ya kwanza ncha ya waya iliachana na mpira kwa nafasi unayoiona kwa macho. Nusu ya pili mpira ukaja ukaikwaruza. Alitia alama ya chaki mahali pa juu kabisa, akapima nafasi, na tofauti ikazidi milimita mbili. Tofauti hiyo ndiyo mruko wa tairi, na mafundi wengi huanza kulitilia tairi shaka unapozidi takriban milimita moja na nusu. Aliirudia kazi hiyo kwenye rimu yenyewe, nayo ilikuwa na mruko mdogo, ila mahali pake pa juu palikutana na mahali pa juu pa tairi. Kasoro mbili ndogo zilikuwa zimefungwa upande mmoja, zikajumlishana.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa. Alilitoa upepo tairi, akalitenganisha na rimu, akaligeuza nusu duara ili mahali pa juu pa mpira pakutane na mahali pa chini pa rimu, akalirudisha na kulibalansi upya. Matairi mengi mapya huja na doa jekundu linaloonyesha mahali palipoinuka zaidi, na doa la njano linaloonyesha mahali pepesi panapopaswa kukaribiana na valvu. Madoa hayo yamewekwa kwa ajili ya mfungaji, na asiyeyatazama anafunga kwa kubahatisha. Kabla ya kurudisha gurudumu aliisafisha habu kwa brashi ya waya, akakaza nati kwa mkono kwa mtindo wa msalaba, na kumalizia kwa spana ya kupimia nguvu. Hakutumia ile bunduki ya upepo, ambayo ikikaza nati moja kupita kiasi inaweza kulilaza gurudumu upande.

Mruko ulishuka chini ya milimita moja. Kwa mwendo wa 100 kioo cha ndani sasa kinaonyesha lori moja lenye kingo moja, na abiria wa nyuma wanazungumza bila kupaza sauti. Umebaki mnong'ono mdogo chini ya miguu ninapovuka 110, ambao fundi anausadiki kuwa wa tairi la pili, lenye mruko mdogo zaidi, na ameniambia tulitazame upya litakapolika kidogo. Nimeridhika na jibu hilo kwa sababu limetokana na kipimo. Malipo ya kazi yote hayakufika gharama ya dizeli ya kwenda Mwanza na kurudi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Gereji ya Tabora naipendekeza bila kusita kwa yeyote mwenye mtetemo usioeleweka, na ubora wake uko katika utaratibu wa kuondoa sababu moja baada ya nyingine kabla ya kugusa chochote. Huduma ya waranti siipendekezi kwa tatizo la aina hii, hadi itakapokubali kwenda na mteja barabarani kwa mwendo unaohusika na kuandika matokeo ya vipimo badala ya maneno "imebalansiwa". Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Injini, gia boksi na bodi vimefanya kazi yake ipasavyo.

Kwa walio katikati ya shauri kama langu: waranti ya matairi mara nyingi ni ya mtengenezaji wa tairi, tofauti na ya gari, kwa hiyo isome kabla hujabishana na muuzaji. Dai upewe nakala ya kila fomu ya kazi, na hakikisha mwendo ambao mtetemo unaanzia umeandikwa humo kwa namba. Muuzaji akikataa kabisa kulishughulikia tatizo, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na fomu hizo ndizo ushahidi wako. Mimi nimemwandikia muuzaji barua yenye vipimo vya fundi, picha za alama za chaki na mchoro wa simu, nikiomba tairi moja libadilishwe na gharama za gereji nirudishiwe. Barua ameipokea kwa saini.