Kipima unyevu cha sindano mbili: kinachojua na kisichojua kuhusu ukuta

Ripoti ya ukaguzi wa nyumba ikiandika "unyevu unaopanda", yaani maji ya ardhini yanayopanda ndani ya ukuta, mara nyingi neno hilo limetoka kwenye kifaa hiki kidogo. Mwenye nyumba naye anaweza kukinunua, nacho kinafaa sana kwa kazi moja: kuonyesha unyevu umekaa wapi. Kukitegemea kwa zaidi ya hapo ni kujitafutia hasara.

Kwanza, hakipimi maji. Kinapima ukinzani wa umeme kati ya sindano zake, kisha kinaugeuza kuwa asilimia kwa kipimo cha mbao. Kwenye mbao, basi, namba inaaminika: ikizidi 20, uozo unaweza kuanza. Kwenye tofali au lipu, 20 ile ile si asilimia 20 ya maji; inafaa kulinganishia sehemu na sehemu tu. Chumvi hukidanganya kuliko kitu kingine chochote, kwani lipu kuukuu iliyojaa chumvi hupandisha namba hata unyevu wake ukiwa mdogo.

Pima kila sentimita 15 kutoka sakafuni hadi mita 1.5, uandike namba kwa penseli palepale ukutani, kisha urudie mstari wa pili mita moja pembeni. Namba zikiwa kubwa chini na kushuka ghafla karibu na mita 1, huo ndio mpangilio wa unyevu unaopanda. Hata hivyo toka nje kabla ya kumwita fundi. Udongo uliorundikana ukafunika tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi waliitalo DPC, huleta mpangilio uleule, na tiba yake ni chepe. Tabaka hilo linapaswa kuwa angalau milimita 150 juu ya ardhi.

Doa lililojitenga chini ya gata au dirisha huashiria unyevu unaopenya. Ukungu mweusi kwenye kona, nyuma ya kabati, kwa kawaida ni mvuke uliogeuka maji juu ya ukuta baridi. Hapa sindano fupi hupotosha, maana husoma milimita chache za juu. Chagua modeli inayokubali sindano ndefu zilizofunikwa zisipitishe umeme isipokuwa nchani.

Na ukishauriwa kuudunga ukuta dawa ya kuzuia unyevu kwa namba za kifaa hiki peke yake, dai kwanza kipimo cha kabidi, kemikali inayotoa gesi ikikutana na maji: unga uliotobolewa ukutani huchanganywa na kabidi ndani ya chupa iliyofungwa, na shinikizo la gesi inayotoka huonyesha kiasi cha maji.