Keller au Nast, katuni ipi ya kuonyesha darasani?
Walimu wa historia wanabishana sana hapa: chuki dhidi ya Wachina Marekani karne ya 19 uionyeshe kwa katuni ya mchoraji Keller au ya mchoraji mwenzake Nast? Ya Keller (jarida la The Wasp, San Francisco, 1881) haina chenga, sanamu ya Mchina imesimama bandarini, kashika kiko cha kasumba, mguu kaukanyagia fuvu, na miale kichwani imeandikwa uchafu, maradhi, kuwaharibia wazungu ajira, yaani dhana potofu zote ziko pamoja na mwaka uliofuata sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani ikapita kweli, kwa hiyo maelezo hayakusumbui. Ila ukiibandika ukutani kavukavu kuna dogo atacheka, na hapo umemfanyia Keller kazi yake. Nast (jarida la Harper's Weekly, 1871) ni salama zaidi: Columbia, yule mama anayewakilisha Marekani, anamkinga Mchina, matusi yamebaki kwenye mabango nyuma. Shida maandishi ni mengi, halafu huyo Mchina kachorwa mnyonge tu, hana neno, nao ni ubaguzi wa aina yake jamani. Kipindi kimoja na form four, chukua Keller. Darasa la wadogo, au lina mtoto wa Kichina, mi ningeanza na Nast.