Fleti mpya Tudor: ndani nyota tano, nje ya geti nyota mbili

Kuna watu wananiuliza hizi apatimenti mpya za Tudor, hapa kisiwani Mombasa, zikoje, wacha niseme leo nimepata nafasi. Jengo silitaji maana bado nakaa humo na lanlodi ndio yule yule.

Mie na mamangu na wanangu wawili tulitoka Majengo. Ile nyumba ni yetu ardhi si yetu, watu wa Mombasa mwalijua hilo, kuta zako kiwanja cha mtu, kodi ya kiwanja walipa na ukitaka kupandisha hata ghorofa moja mwenye ardhi hataki kusikia. Vyumba sita, sisi kumi na moja, na kaka ashaoa. Ndio nkaanza kutafuta nyumba.

Ndani haki yao nawapa. Vyumba viwili, kila kimoja na choo chake, tailizi safi, kabati za jikoni zafunga vizuri hazijavimba, na upepo wa Tudor Creek ukiingia jioni feni yazimwa kabisa. Lifti kwa mwaka mzima imekufa mara tatu tu. Kodi elfu 32, dipozi ya miezi miwili. Kwa bei za kisiwani sasa sio mbaya.

Haya, maji. Siku ya kuangalia nlimuuliza ajenti, maji yapo? Akaniambia, "Dadangu, hapa maji masaa ishirini na nne, fungua uone." Nkafungua, yakatoka kwa nguvu nkafurahi. Tumehamia Jumamosi, mama kapika chai ya kwanza, kaonja, katia sukari, kaonja tena, kaniangalia. Chumvi! Kumbe ni ya kisima. Ajenti hakudanganya bana, maji yapo, ila sabuni haitoi povu na birika ndani limeota magamba meupe kama chokaa. Ya kunywa twanunua mitungi kwa hamali wa mkokoteni, na lifti haruhusiwi kupanda nayo, kwa hivyo apandisha ngazi na bei yapanda nayo. Mombasa yenyewe maji yake ni ya kuletwa, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, yote yako kaunti za jirani, sasa bomba lile lile la mtaa laongezewa ghorofa juu ya ghorofa lipate wapi nguvu?

Lakini linaloniudhi zaidi ni shimo la choo. Kiwanja hiki zamani kilikuwa na nyumba moja ya chini na muembe, jirani mzee aliyebaki hapo upande wa pili aniambia shimo lake yeye hulitapisha baada ya miaka. Sisi ni ghorofa nane mara nyumba tano, familia 40 kwenye kiwanja kile kile! Sehemu kubwa ya kisiwa haina laini ya maji taka, basi lori la kunyonya laja mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, laziba njia yote, watoto wa skuli wapita ubavuni wameshika pua, tuktuk zarudi rivasi mpaka barabarani na yule wa mahamri pale kona afunika beseni lake kwa kanga. Parking ni ya gari kumi na mbili, zengine zalala barabarani, usiku akiugua mtu sijui ambulensi yaingia vipi.

Na sio kwamba sheria hakuna. Ipo ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, kaunti yatakiwa iwe na mpango, na anayetaka kujenga aombe idhini kwanza. Nlimuuliza yule mzee kama aliwahi kuulizwa chochote kabla muembe haujakatwa, kacheka tu.

Msinielewe vibaya, mie sio wale wa kusema ghorofa zisijengwe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na kisiwa hakikui. Mtaa wa Buxton palivunjwa nyumba 520 kuinuliwa zaidi ya 1,800, na watu bado watafuta. Kujenga juu lazima, ila ukijenga juu na chini pia paguswe, bomba, mtaro, njia. Hapa kilichoguswa ni mbingu peke yake.

Mkataba waisha Agosti na nshamwambia ajenti twakaa, maana nliangalia Bamburi na Mikindani, nje ya kisiwa, kodi afadhali lakini nauli na foleni yaila ile afadhali yote. Wewe ukija kuangalia usije alasiri ukapigwa na upepo ukasahau maswali. Njoo alfajiri siku ya lori, na hayo ya bomba usiyaangalie, yaonje.