Tiny Trainer ya Flite Test: ndege ya kujifunzia inayoanzia mezani

Anayetaka kujifunza kurusha ndege ndogo ya umeme kwa rimoti kwa kawaida huuliza ni ipi itakayoruka vizuri siku ya kwanza. Baada ya miezi minne na Tiny Trainer, ambayo hutengenezwa na Flite Test, kampuni ya Ohio, Marekani, ninaona swali lenye manufaa zaidi ni ipi itakayorudi hewani jioni ileile baada ya kuanguka, kwa maana kuanguka, itaanguka. Nimeijenga na kuirusha mimi na binti yangu wa miaka 13 hapa Columbus, na wala hakuna kati yetu aliyewahi kushika rimoti ya ndege kabla ya hapo.

Ndani ya boksi hamna ndege. Kuna vipande vya ubao wa foamu uliobandikwa karatasi pande zote mbili, ambavyo vimekwisha kukatwa kwa leza, pamoja na kibao cha mbao cha kufungia mota na vikorokoro vya kuunganishia. Mota, rafadha (panga linalozungushwa na mota), kidhibiti cha kasi, sevo (vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya ndege), risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), rimoti, betri na chaja hununuliwa kando, na jumla ya vitu hivyo huzidi bei ya boksi lenyewe mara kadhaa. Jambo hili halikufichwa, lakini mnunuzi anayetazama bei ya kwanza tu atajikuta na kadibodi nzuri sana isiyokwenda popote. Faraja yake ni kwamba vifaa hivyo vya umeme huhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, na michoro ya mwili hupakuliwa bure, kwa hiyo mwenye kisu kikali na ubao wa foamu anaweza kukata ndege ya pili bila kununua boksi jingine.

Ujenzi ulituchukua jioni tatu. Maelekezo hutolewa kwa video, na ingawa yameeleweka vizuri, mtu anayependa kufuata karatasi iliyo mezani atachoka kusimamisha na kurudisha nyuma huku vidole vimejaa gundi. Kazi yenyewe ni ya kukunja zaidi kuliko ya kuunda: unapasua karatasi ya upande mmoja, unaacha ya upande wa pili iwe bawaba, kisha unalikunja bawa juu ya boriti yake ya ndani na kulibana mpaka gundi ya moto ishike. Gundi hiyo hukupa sekunde chache tu, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Bawa letu la kwanza lilikauka likiwa limepinda kidogo upande wa kushoto, na ilitubidi tulipashe joto na kulinyoosha, kwa sababu bawa lililopinda huivuta ndege upande mmoja hata rimoti ikiwa imetulia. Kilichonifurahisha ni kwamba kasha la mota hushikiliwa na vijiti vya mishikaki, na bawa hufungwa juu ya mwili kwa mipira ya kufungia noti. Ndege ikigonga ardhi, mipira huachia na bawa huteleza kando badala ya kuvunjika.

Mabawa yaliyomo ni mawili ya kubadilishana, yenye upana wa takriban sentimita 94 kutoka ncha hadi ncha, na anayeanza asiguse la pili. La kwanza limekunjwa ncha zake kuelekea juu, na mkunjo huo ndio mwalimu halisi. Ndege ikilala upande mmoja, upande wa bawa ulio chini hupata nguvu zaidi ya kuinua na kuirudisha ndege katika usawa, hivyo rubani aliyebabaika anaweza kuviachia vijiti vya rimoti na mambo yakajirekebisha, mradi tu yuko juu vya kutosha. Ndege huongozwa kwa mambo matatu tu: kasi ya mota, usukani wa mkia, na kibao cha mkia kinachoinua au kushusha pua. Bawa la pili limenyooka na lina vibao vya kuilaza ndege kwa makusudi, nalo halimsamehe mtu.

Kabla ya kuruka kuna ukaguzi ambao sisi tuliufanya nusu, tukalipia. Mota ilikuwa ikizunguka kinyume, jambo linaloponywa kwa kubadilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazotoka kwenye kidhibiti, na hilo tulilirekebisha tukiwa nyumbani, rafadha ikiwa imeondolewa. Tulichopuuza ni mizani ya ndege. Ukiiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, pale penye alama, inapasa ikae sawa au iiname pua kidogo. Mimi niliisukuma betri nyuma ili kifuniko kifunge vizuri. Ilipotupwa mkononi ilipanda kama mwewe, ikasimama hewani, ikaanguka kwa pua kwenye majani. Pua ilikunjamana na kasha la mota likachomoka. Tuliinyoosha, tukaipaka gundi, na dakika 20 baadaye betri ikiwa mbele iliruka kwa utulivu ambao sikuutarajia.

Kwa betri ya seli 3 yenye miliampia-saa 800, na mota isiyobanwa sana, tunaweka saa ya kengele ya dakika 6 na kutua. Kuisubiri betri ichoke hewani ni kosa, kwani seli za lithiamu zikishuka mno huharibika, na baada ya kuruka huhifadhiwa zikiwa na takriban volti 3.8 kila moja, si zikiwa zimejaa.

Kigumu kuliko yote ni ndege inapokurudia, kwa kuwa kushoto kwake huwa kulia kwako. Dawa iliyotufaa ni kukisukuma kijiti kuelekea upande wa bawa lililolala, kana kwamba unaliwekea mto. Binti yangu alilishika hilo siku ya pili. Mimi ilinichukua wiki mbili na rafadha tatu.

Kasoro zake ni za asili ya foamu na karatasi. Umande wa asubuhi hulainisha karatasi na kuibambua, na upepo unaotikisa matawi membamba tayari ni mwingi kwa chombo chepesi namna hii. Aliye hapa Marekani aipime kwa mizani ya jikoni ikiwa na betri, maana inayozidi gramu 250 husajiliwa na mamlaka ya anga, FAA, kwa dola 5 kwa miaka 3, na iliyosajiliwa lazima itangaze utambulisho wake kwa redio isipokuwa kwenye viwanja vilivyoruhusiwa. Mtihani mfupi wa usalama ni wa bure na ni wa lazima kwa kila anayerusha kwa burudani.

Mwenye haraka ya kuruka na asiyependa gundi atatendewa vyema zaidi na ndege iliyo tayari kama AeroScout ya HobbyZone, ambayo rafadha yake iko nyuma ya bawa, mbali na ardhi, na ina kifaa cha kielektroniki kinachoizuia isilale kupita kiasi. Aliye na subira ya jioni tatu achukue Tiny Trainer, na katika oda hiyohiyo aongeze betri ya pili, rafadha tano, na vijiti vya gundi vingi kuliko anavyodhani atahitaji.