Mashine ya Mkono ya Kusukumia Pasta, Baada ya Miezi 14 ya Kiporo

Mashine ninayoieleza hapa ni ile ya chuma ya kusukumia unga wa pasta, inayozungushwa kwa mkono na kufungwa kwenye ukingo wa meza kwa skrubu. Nimeitumia jikoni kwangu Malindi kwa miezi 14, na katika muda huo sikuinunulia nyama hata mara moja. Kila nilichokitia ndani ya pasta kilikuwa kiporo: mbuzi aliyebaki sikukuu, kuku wa kupaka wa jana, samaki, mchicha, boga. Nalisema hilo mapema kwa sababu naamini mashine ya namna hii hupimika vizuri zaidi kwa kiporo kuliko kwa nyama mpya. Kiporo kina maji, kina mafuta, kina nyuzi na vijifupa, na unga usiosukumwa sawasawa haukihimili.

Kazi hii nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, niliyempikia kwa miaka minane hapa Malindi, mji ambao Waitaliano wameuzoea tangu miaka ya 1960, siku za kituo cha kurushia roketi cha San Marco kule Ngomeni. Kwao pasta ya kujazwa huitwa agnolotti, na zile ndogo za vilima vya Langhe huitwa agnolotti del plin, kwa kuwa plin katika lugha yao ya nyumbani maana yake ni mfinyo: hufungwa kwa kufinywa baina ya kidole gumba na cha shahada. Asili yake ni nyama iliyookwa ikabaki. Nyama hiyo husagwa pamoja na mboga ya majani, jibini na yai, na ule mchuzi uliosalia kwenye chombo cha kuokea ndio unaomiminwa juu ya pasta ikishaiva. Hakuna kinachotupwa, na kinachonunuliwa upya ni kidogo mno. Si Italia yote iliyo hivyo. Watu wa Bologna, mji mwingine wa kaskazini mwa Italia, waliandikisha mapishi ya tortellini zao, pasta ndogo za kujazwa, katika Chemba ya Biashara ya mji wao tarehe 7 Desemba 1974, na ndani yake mna nyama ya nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) na mortadella (soseji nene ya nguruwe), vitu ambavyo mtu hutoka kwenda kuvinunua kwa makusudi. Naziheshimu pasta hizo, lakini mimi nimeufuata mkono wa Piemonte, kwa sababu nyumba yetu, kama nyumba nyingi za pwani, haimalizi chakula cha sikukuu siku hiyo hiyo.

Niliinunua mashine kwa shilingi 7,500. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine yenyewe, mkono wa kuzungushia, skrubu ya kufungia mezani, kifaa cha kukatia tambi, na trei ya aluminiamu yenye vishimo 24 vya kutengenezea ravioli, yaani vipande bapa vya pasta ya kujazwa. Roli zake mbili zina upana wa sentimita 15, na ubavuni pana kirungu chenye namba 0 hadi 9. Kadiri namba inavyopanda ndivyo nafasi baina ya roli inavyopungua. Haihitaji umeme, jambo ambalo jikoni kwetu si dogo.

Kipimo cha unga ni gramu 100 kwa yai 1. Gramu 300 na mayai 3 hutosha watu wanne wenye njaa. Natumia unga wa ngano wa kawaida, ule ule wa chapati, na mayai ya kienyeji, kwa kuwa kiini chake kimekolea na pasta hutoka na rangi ya kupendeza, ilhali mayai ya kuku wa kisasa huiacha imepauka. Donge hukandwa kwa dakika 10, kisha hufunikwa kwa bakuli na kupumzishwa kwa nusu saa. Linakuwa gumu kuliko donge la chapati, na mkono uliozoea chapati utataka kuongeza maji. Usiongeze. Unga uliolainishwa kwa maji hunasa kwenye roli, na ukishanasa kazi yote ya siku hiyo imeharibika.

Hapa ndipo mashine inapoilipa bei yake. Donge hupitishwa kwenye namba 0, hukunjwa mara tatu kama barua, likarudishwa tena, mara tano au sita. Mara ya kwanza linatoka limechanika kingo, kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Mara ya nne linatoka laini, na ukilipapasa ni kama ngozi ya sikio. Kuanzia hapo unapanda namba moja moja bila kuruka, ukinyunyiza unga kidogo tu. Kwa agnolotti mimi huishia namba 7, ambapo ukiweka mkono chini ya unga unaviona vidole vyako. Kwa zile kubwa zenye viazi huishia 6. Namba 8 huchanika kwa uzito wa nyama, na 9 sijaona kazi yake katika pasta ya kujazwa. Kwa kibao na mti wa chapati niliweza kuufikia wembamba huo, lakini sikuweza kuufikia pande zote kwa pamoja. Katikati palikuwa pembamba na kingoni pakabaki pazito, na sufuriani upande mmoja ulipasuka kabla mwingine haujaiva. Mashine hii huutoa unga ukiwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa hilo peke yake naipa alama zote.

Sasa nieleze kiporo chenyewe, maana ndicho kilichonifunza uwezo na kikomo cha mashine. Baada ya Idi ya kuchinja nilibakiwa na mguu wa mbuzi wa kuoka, nyama kama gramu 400 ikishatengwa na mifupa. Niliichambua kwa vidole, nikatoa kano na mafuta yaliyoganda, nikaisaga mara mbili. Nilichemsha fungu la mchicha, nikaukamua ndani ya kitambaa cha kuchujia tui mpaka halikutoka tone, nikaukatakata na kuuchanganya na nyama, yai moja, vijiko vinne vya jibini ngumu iliyokunwa na kungumanga kidogo. Kisha nikafanya kile alichonizoesha yule mama: niliviringa kidonge kimoja, nikakiweka juu ya karatasi na kukiacha dakika kumi. Karatasi ikilowa, nyama bado ina maji, na hakuna mashine duniani itakayoziba pasta ya namna hiyo. Siku ile karatasi ilibaki kavu. Nilikata unga kwa urefu kupata vipande viwili vya sentimita saba na nusu, nikapanga vidonge vya ukubwa wa korosho, nikakunja unga juu yake, nikafinya baina ya kimoja na kingine huku nikitoa hewa, na kukata kwa kigurudumu. Nilipata agnolotti 130, na hakuna hata moja iliyopasuka. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kizingitini akitazama, aliniuliza, “Mwanangu, hizi si sambusa za kuchemsha?” Nikamjibu kwamba ni ndugu zake. Alikula sahani mbili.

Kuku wa kupaka ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Nyama yake niliitenga na rojo, nikaisaga pamoja na kiazi kimoja kilichopondwa ili kifyonze unyevu uliosalia. Rojo la nazi nikalichuja, nikalipasha kwa moto mdogo na kulimimina juu ya pasta. Ndiyo kanuni ile ile ya Piemonte, ya chakula kimoja kutoa cha ndani na cha juu, isipokuwa hapa kuna nazi, ndimu na pilipili. Lakini nazi huchacha upesi kwenye joto letu. Ikiwa kuku hakulala ndani ya friji, asitumike, na ikiwa alilala, atumike siku inayofuata.

Boga lililobaki linafaa sana, na watu wa Mantova, mji wa kaskazini mwa Italia, wana tortelli zao, pasta za kujazwa boga, zinazojulikana. Lazima likaushwe kwanza kikaangoni mpaka lianze kushika chini. Samaki atengwe miiba mara mbili, kwa macho na kwa vidole. Maharage ya nazi yalinishinda kwa unyevu. Wali wa pilau nilijaribu mara moja nikaacha, kwa sababu punje hutoboa unga wa namba 7 zinapofinywa.

Trei ya ravioli siisifu. Kwa macho ni nzuri: unatandika unga juu yake, unajaza vishimo, unafunika kwa unga mwingine, unapitisha mti wa kusukumia, na ravioli 24 zinakatika kwa mpigo mmoja. Tatizo ni kwamba ukingo unaobaki baina ya kishimo na kishimo ni mwembamba sana. Jibini laini huvumilia, lakini unyuzi mmoja wa nyama ya mbuzi ukilala juu ya ukingo ule, pasta haifungi. Katika trei ya kwanza zilifunguka tano sufuriani, ya pili nne, na maji yakageuka supu. Mtu asiinunue seti hii kwa ajili ya trei, vidole vinashinda.

Skrubu ya kufungia nayo ina upungufu. Haikumeza ukingo wa meza yetu ya mvule, ikanilazimu kutumia meza nyembamba ya nje, basi pima meza yako kabla ya kulipa. Mkono wa kuzungushia huchomoka ukizungusha kwa haraka. Kazi huenda vizuri zaidi kwa watu wawili, na binti yangu wa miaka kumi huzungusha huku mimi nikipokea unga kwa viganja.

Usafi wake unahitaji nidhamu. Mashine hii haioshwi kwa maji hata kidogo, na sisi tulio karibu na bahari tuna chumvi ya hewani ya kuongeza. Mimi huiacha saa moja ili mabaki ya unga yakauke, nikayasugua kwa brashi kavu, nikapitisha kidonge cha unga cha kutupa ili kikusanye chembe zilizojificha, kisha nikaifunga kwenye kanga kuukuu na kuiweka kabatini mbali na jiko. Mwezi wa tisa kirungu kilianza kukwama kwenye namba 5. Fundi alipofungua ubavu alikuta unga uliogeuka jiwe. Akausafisha, akatia tone la mafuta ya cherehani, na tangu siku hiyo hakijakwama tena. Kutu sijaiona.

Pasta zisizopikwa siku hiyo huzitandaza kwenye sinia lenye unga, zisigusane, nikazigandisha kwanza hapo kabla ya kuzitia mfukoni. Huingia sufuriani zikiwa barafu hivyo hivyo, kwenye maji yanayotokota kwa upole, kwa dakika nne au tano. Ukizisubiri ziyeyuke, unga hulowa na kunatana.

Mtu anayepika pasta ya kujazwa mara moja kwa mwaka anaweza kuishi na mti wake wa chapati. Kwa nyumba yenye wageni wengi na masufuria makubwa, naipendekeza bila kusita. Na kwa kuwa mjini kwetu mashine hizi huuzwa pia zikiwa zimetumika, kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kutoa pesa: zungusha kirungu hadi 9, inua mashine usawa wa macho kuelekea dirishani, na utazame mwanga unaopita baina ya roli. Ukiwa mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, irudishe mezani kwa mwenyewe, hata akikupunguzia bei kwa nusu.